Maji ya Kihansi yapimwe hadharani na yalindwe kule yanakoanzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu kituo cha umeme cha Kihansi, kilicho kwenye mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, na kuhusu miradi mingine ya maporomoko ambayo milima yetu ya Nyanda za Juu Kusini ina nafasi kubwa ya kuipokea. Kila nchi inapopungukiwa umeme, jina la Kihansi hutajwa pamoja na vyura wake, na mazungumzo huishia hapo: wapo wanaowalaumu vyura kwamba wanatunyima megawati, na wapo wanaowatetea kwa kuwa hawapatikani mahali pengine popote duniani. Pande zote mbili huacha kuuliza mto ule unaweza kutoa maji kiasi gani, kiasi gani ni lazima kibaki katika mkondo wake, na nani anafaidika kwa kuyatunza kule yanakotoka.

Kihansi si Mtera. Bwawa la Mtera huweka akiba ya maji ya masika ili yatumike kiangazi, na yakishaendesha mitambo ya hapo huteremka kuendesha ile ya Kidatu. Kihansi hutegemea mto unavyotiririka siku hiyo. Ukuta wake una kimo cha mita 25 hivi, na maji yaliyozuiwa nyuma yake yametanda katika eneo la hekta 26 tu; mashine zake tatu, kila moja ikiwa na uwezo wa megawati 60, zikiendeshwa zote kwa nguvu kamili, akiba hiyo haifikishi siku moja. Nguvu ya kituo inatokana na kimo cha mlima. Maji huchukuliwa kwenye banio, yaani mahali yanapozuiwa na kuelekezwa, lililo juu ya ukingo wa Udzungwa, yakaingizwa katika handaki ndani ya mwamba, yakaporomoka takriban mita 850 hadi kwenye mitambo iliyojengwa chini ya ardhi, kisha yakarudishwa mtoni kuelekea Bonde la Kilombero. Kwa kimo hicho, kila mita moja ya ujazo inayopita kwa sekunde huzalisha kiasi cha megawati saba na nusu. Ni uhandisi wa kujivunia, na sina nia ya kuubeza, kwa sababu umetupatia umeme bila kuzamisha mashamba wala kuhamisha maelfu ya watu vijijini mwao kama mabwawa makubwa yafanyavyo kwingineko.

Hata hivyo, mradi wa aina hii una gharama yake, nayo hulipwa na ule mkondo unaobaki kati ya banio na mahali maji yanaporudishwa. Kabla ya kituo kuanza kazi mwishoni mwa mwaka 1999, wastani wa mita za ujazo zipatazo 16 kwa sekunde ulikuwa ukiporomoka katika korongo la Kihansi, na manyunyu yake yalilowesha kingo usiku na mchana, mwaka mzima. Katika ukungu huo, kwenye majani yasiyozidi eneo la hekta chache, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano, mfupi kuliko kidole cha mtu mzima, ambaye hazai kwa kutaga mayai bali huzaa watoto walio kamili. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza. Maji yalipoelekezwa handakini, mkondo ulipoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji yake na manyunyu yakakatika.

Yaliyofuata yalikuwa juhudi kubwa, na waliozifanya wanastahili heshima. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa kwenda kulelewa katika bustani za wanyama nchini Marekani, na mabomba ya kunyunyizia maji yakatandazwa korongoni ili kuiga manyunyu ya zamani. Kwa muda ilionekana kuwa mambo yanakwenda vizuri, kwani kufikia katikati ya mwaka 2003 idadi yao ilikadiriwa kuwa karibu 20,000; kisha katika miezi michache wakatoweka karibu wote, na ugonjwa wa kuvu unaoangamiza vyura katika mabara mengi ukakutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata kizazi cha wale waliopelekwa ng'ambo kilirejeshwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa nyumbani kwao korongoni.

Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu kosa lililofanyika Kihansi lilikuwa la mpangilio wa kazi. Kiasi cha maji ya kubaki mtoni kilianza kujadiliwa kwa dhati wakati zege limekwisha kumwagwa, mashine zimekwisha kununuliwa na mikopo imekwisha kusainiwa. Kwa hiyo kila mita ya ujazo iliyoachwa mtoni ikaonekana kama mali iliyonyang'anywa TANESCO, shirika la umeme la Taifa. Maji yanayoachwa leo, ambayo ni kati ya mita za ujazo moja na nusu na mbili kwa sekunde, ni sawa na megawati zisizozidi 15 hivi. Laiti hesabu hiyo ingefanywa mwanzoni, ingeingizwa katika ukubwa wa mitambo na katika bei ya umeme, na hakuna mwananchi ambaye angeambiwa kwamba anakaa gizani kwa sababu ya chura.

Kwa maoni yangu tishio kubwa zaidi kwa umeme wa Kihansi liko huku juu tunakoishi sisi, katika vidakio vya maji vya Mufindi na Kilolo, yaani maeneo ambayo mvua yake hukusanyika na kuingia mtoni. Kwa kuwa kituo hakina bwawa la kuweka akiba ya msimu, ghala lake ni udongo wa misitu na mabonde yenye unyevu, yanayofyonza mvua kuanzia Novemba hadi Mei na kuiachia kidogo kidogo mpaka Oktoba. Misitu ya asili ikikatwa, na mikaratusi ikapandwa hadi kwenye midomo ya chemchemi, maji ya kiangazi hupungua hata kama mvua ya mwaka haijapungua. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa na mgawo wa umeme ukarudi, Kihansi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoshuka sana, na wala vyura hawakuwa chanzo chake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji. Naiunga mkono sheria hiyo, lakini utekelezaji wake umekuwa rahisi zaidi kwa wanyonge. Mwenye kinyungu, yaani kijishamba cha mahindi mabichi na mboga bondeni, ambacho ndicho kinachomlishia watoto miezi ya njaa, huamriwa aondoke mara moja. Mwenye mikaratusi mingi karibu na chanzo hupewa muda, na muda huo huongezwa. Mtu anayeachia bonde lake kwa faida ya gridi ya Taifa anastahili kupewa njia nyingine ya kuishi, iwe miche ya parachichi, mizinga ya nyuki au skimu ndogo ya umwagiliaji nje ya eneo la chanzo. Fedha za kazi hiyo zitoke katika mauzo ya umeme wenyewe, kwa kiwango kinachojulikana na kinachofika kijijini. Nyaya za kilovolti 220 kutoka Kihansi zinapita juu ya mashamba kuelekea Iringa na Kidatu, na kwa miaka mingi wananchi waliokuwa chini yake waliendelea kutumia vibatari. Mradi wa Mwenga wa megawati 4, ulioanza mwaka 2012 hapa Mufindi, umeonyesha kwamba inawezekana kuuza umeme kwa gridi na wakati huohuo kuusambaza katika vijiji jirani. Mwanakijiji anayewasha taa kwa maji ya mto wake hahitaji kuhimizwa sana kuulinda.

Maji haya yana watumiaji wengine pia. Yakitoka Kihansi huingia Kilombero, na Kilombero ndiyo inayochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambako Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo kinachoharibiwa katika bonde dogo huku juu hukatwa mara mbili katika umeme wa nchi.

Ninaiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, pamoja na TANESCO, itangaze kila mwezi vipimo vya mto Kihansi: maji yaliyofika kwenye banio, yaliyoingia handakini na yaliyoachwa mtoni. Takwimu hizo zibandikwe katika ofisi za kata za juu na za chini ya mlima, zisibaki katika makabrasha ya wataalamu. Na kwa mradi wowote mpya wa maporomoko, kibali cha kutumia maji kisitolewe kabla mto haujapimwa kwa miaka kadhaa, ukiwemo walau mmoja wa ukame, na kabla wananchi wa pande zote mbili za mlima hawajaelezwa kwa lugha wanayoielewa ni maji kiasi gani yatabaki katika mkondo wao.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa