Shangazi, aliniambia nifunge mdomo

Shikamoo shangazi. Ni saa tisa usiku, mwenzangu anakoroma, mimi usingizi umenipaa tangu Jumamosi.

Jumamosi mwali wetu alitolewa. Ngoma imelia, vigelegele, nimecheza mpaka kanga imelowa. Mpiga picha kutupanga tu, baba yake akanigeukia, mawifi wote wanasikia: "Funga mdomo, usituharibie picha." Mbele ya mawifi, shangazi!

Sikung'oka meno kwa uchafu, mswaki napiga asubuhi na usiku. Matatu ya mbele yalitoka mwaka jana tulipoanguka na pikipiki, na aliyekuwa anaendesha ni yeye.

Kwa daktari wa meno nimekwenda. Kasema meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yananitosha, ndiyo ya bei nafuu. Lakini usiku unayavua unayaloweka kwenye maji. Nayaloweka wapi, chumba kimoja na mtu aliyeniambia nifunge mdomo? Daraja, yaani meno ya bandia yanayoshikizwa kwenye meno ya jirani, linagandishwa halitoki, ila mpaka meno yangu mazima ya pembeni yachongwe, na jino likishachongwa halirudi. Ninayoyataka ni ya kupandikiza, ya skrubu inayoingia kwenye mfupa wa taya. Hayo ni mpaka Dar, tena mfupa unangojewa miezi mitatu hata sita ushike. Na harusi ya shemeji ni Februari, picha zitapigwa tena. Jirani ananivuta kwa fundi wa mtaani anayebandika kwa gundi. Daktari kanikataza kabisa, ataniharibia fizi na meno yaliyobaki.

Hela ninayo. Korosho za shamba aliloniachia marehemu mama zimelipwa. Yeye anataka tununue bati. Nyumba inavuja, sikatai, na watoto ni wangu pia. Lakini shamba la mama yangu, shangazi. Nikimwambia naenda Dar kumuuguza dada, nitakuwa nimemkosea? Dada haumwi.

Simtafutii uzuri mtu, nina miaka 44. Nataka kula muhindi wa kuchoma, nataka kucheka na wenzangu. Lakini nikimwona anatabasamu na mawifi zangu, najiuliza kama hata nikiyaweka ataniangalia kama zamani, au lile neno limeshatoka.

Au nivae tu hayo ya kuvua, niwe nayavua akishalala?

Ukinijibu usitaje mtaa, shangazi. Mtwara ndogo hii.

Mama Mwali