Baba, lile swali lako la Wachina

Shikamoo baba, shikamoo mama. Mimi mzima, masomo yanaenda. Baba samahani, siku ile uliponiuliza kwenye simu kama Wachina demokrasia wataiweza au hawako tayari nikabadilisha mada, sikukudharau, simu ya huku sio ya kuongelea mambo hayo ndo maana nakuandikia na barua anakuja nayo mwenzangu mkononi.

Maendeleo ni ya kweli kabisa. Tangu kiongozi wao Deng Xiaoping afungue uchumi 1978 nchi imebadilika ndani ya umri wa mtu mmoja, mama mwenye nyumba yangu kakulia kijijini kwenye koroboi, leo mjukuu wake anapanda treni Beijing mpaka Shanghai, kilomita 1,318, saa nne na nusu hivi kafika. Ukimgusia siasa anakwambia tumeshiba, fujo hatutaki. Na anamaanisha, katika maisha yake fujo kaziona.

Ila baba hilo neno "hawako tayari" mimi silikubali. Kuna kijiji kinaitwa Wukan, mkoa huu huu ninaosoma wa Guangdong. Mwaka 2011 wanakijiji walichoka viongozi kuuza ardhi yao wakawatimua, mwakilishi wao mmoja akafia mahabusu, polisi wakakizingira kijiji, watu hawakurudi nyuma. Mwishoni serikali ya mkoa ikakubali kuongea nao na Machi 2012 wakapiga kura ya siri, wavuvi na wakulima hao baba, wamepanga foleni wametulia, wakamchagua mzee aliyeongoza madai yao awe mwenyekiti. Yaani watu walikuwa tayari kuliko viongozi! 2016 mzee yule akafungwa, wakasema kala rushwa, wanakijiji wakaandamana tena kumtetea.

Halafu angalia Taiwan, lugha ile ile, mila zile zile, miaka 38 chini ya sheria ya kijeshi mpaka 1987, na 1996 wakamchagua rais wenyewe. Si wewe uliyetusimulia ule ujumbe wa UN wa 1954 ulioona Tanganyika ingoje miaka 20 mpaka 25 ndo ijitawale? Uhuru ukaja 1961.

Kinachonitisha mimi ni kingine. Mahakama, magazeti, vyama vya wafanyakazi, vyote viko mkononi mwa chama kimoja, na 2018 bunge lilipoondoa ukomo wa mihula ya rais kura za hapana zilikuwa 2 kati ya karibu 3,000. Siku chama kikiyumba watu watashika wapi? Hapo hofu ya mama mwenye nyumba naielewa, ila waliofanya pasiwe na pa kushika sio wananchi.

Novemba 2022 moto uliua watu 10 mji wa Urumqi, kaskazini magharibi mwa China, wakati wa lockdown ya korona, watu wakalaumu masharti hayo, vijana miji mingi wakatoka na karatasi nyeupe, hazijaandikwa kitu, na kila mtu alijua zinasema nini. Desemba serikali ikalegeza masharti ya korona. Hapa chuoni nimemuuliza mmoja tu kuhusu siku zile, akaangalia simu yake mezani, akaigeuza kifudifudi, akaniambia tukatembee nje.

Mengine nitakusimulia nikija. Barua ikifika nitumie ujumbe useme tu mama anaendeleaje na goti, nitajua umeisoma.