Tumwandike Dhulkifli, Zulkifli au Dhalkifli?

Mhariri, assalaam alaykum.

Mtoto wetu wa kiume anafanyiwa akika wiki hii. Jina tumeshakubaliana, la mja mwema aliyetajwa kwenye Qur'ani mara mbili tu. Kinachotugawa ni namna ya kuliandika.

Sura ya Anbiyaa, aya ya 85, inamtaja pamoja na Ismaili na Idrisa, katika wenye kusubiri. Sura ya Saad, aya ya 48, pamoja na Ismaili na Alyasaa, katika walio bora. "Dhu" ni mwenye, "kifli" ni fungu. Sura ya Hadid, aya ya 28, inaahidi "kiflayni", mafungu mawili ya rehema. Mzizi huohuo ndio wa kudhamini, na Mujahid, mfasiri wa Qur'ani wa zama za mwanzo, alipokea kwamba huyu bwana alijifunga kushinda na saumu, kukesha kwa sala na kutokasirika, akatimiza. Ibn Kathir, mfasiri wa baadaye, anaona dhahiri ya aya ni kwamba alikuwa nabii, maana ametajwa kati ya manabii, ila anasema mfasiri Tabari alisita. Maana ya jina sote tumeiridhia.

Babu yake anashikilia "Dhalkifli", na msahafu anaufungua anaonyesha kwa kidole. Kweli, aya zote mbili zinasomeka hivyo, lakini ni irabu tu: jina limekaa mahali pa nasb, yaani nafasi ya mtendwa katika sarufi ya Kiarabu, "dhu" ikageuka "dha". Likisimama peke yake linarudi Dhulkifli. Mbona Dhulkarnaini tunamwita hivyo, na Sura ya Kahf, aya ya 83, inasoma "Dhil"?

Mama mtoto anataka "Zulkifli", kama wanavyoandika Malaysia na Indonesia. Mimi naona Kiswahili kina "dh" yake, tuitumie.

Shemeji naye ashauri "Dhul Kifli", mbalimbali. Hilo nalikataa kabisa: fomu zetu za Tanzania zina la kwanza, la kati na la ukoo, kwa hiyo "Kifli" litakaa nafasi ya jina langu. Na kitakachoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ndicho kitakachomfuata shuleni, kwenye kitambulisho cha taifa na pasipoti. Herufi moja ikitofautiana, ni kuhangaikia viapo.

Naomba ushauri: mzee nimweleze vipi habari ya nasb bila kumvunjia heshima mbele ya wajukuu? Na wenye majina ya "dh", mnapata taabu gani maofisini?

Baba mtoto,
Tanga