Barua kwa mwanangu: Mwaka wa Orioles

Baltimore, Jumapili, 14 Oktoba 2012

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa nyanya. Natumaini mguu wake umepungua uvimbe, na kwamba unamchotea maji kabla ya kwenda shule bila kukumbushwa.

Jana kadi ya simu iliisha kabla sijakujibu. Uliuliza mbona sauti imenikauka, nikasema baridi imeanza huku. Baridi imeanza kweli, lakini sauti niliipoteza Ijumaa jioni sebuleni kwa Mzee ninayemtunza, nikipigia kelele mpira ulioruka kando ya mlingoti kule New York. Acha nikueleze vizuri. Najua utanicheka, basi heri unicheke ukiwa umeelewa.

Unaijua raundas, ile wasichana wa shule yenu hucheza saa za michezo. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo. Nilikuwa moto wa kuotea mbali darasa la sita, muulize nyanya. Basi besiboli ni raundas ya watu wazima wanaolipwa mamilioni. Kila timu hupata zamu tisa za kupiga. Mechi haiishi droo: zamu tisa zikiisha wakiwa sawa, wanaongeza ya kumi, ya kumi na moja, hata kukicha. Nasema zamu kwa sababu ndilo neno la maisha yangu hapa. Sisi tunaotunza wazee hatuhesabu siku, tunahesabu zamu.

Nilipoanza kazi kwa Mzee hakuwa msemaji. Karatasi ya maagizo niliyopewa ilitaja dawa ya saa mbili usiku, chakula kisicho na chumvi, na kwamba asiachwe peke yake bafuni. Hakuna aliyeandika kwamba ikifika Aprili, saa moja na dakika tano jioni, redio iwekwe dirishani. Mzee ana daftari pana la miraba ambamo huandika mechi nzima, kila mpigaji na yaliyompata. Lakini mkono wake unatetemeka siku hizi, mistari ikawa inatoka nje ya miraba. Jioni moja akanisukumia penseli bila kusema neno.

Ndivyo nilivyoingia. Kila nafasi uwanjani ina namba yake: anayerusha ni 1, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka ni 2, hivyo hadi 9. Ukiona nimeandika 6-4-3, ujue wa sita aliuokota mpira, akampa wa nne, naye akamtupia wa tatu, na wapinzani wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja. Mpigaji akishindwa mara tatu anaandikiwa K. Kama ule mpira wa mwisho aliutazama tu ukipita, gongo begani, basi K inageuzwa, inaangalia nyuma kama mtu aliyeitwa jina. Hapo Mzee hana mchezo. Nikisahau kuigeuza hugonga meza kwa kijiko.

Timu yake ni Orioles, ya hapa mjini. Aliwaona wakichukua ubingwa mwaka 1966, 1970 na 1983. Baada ya hapo, mwanangu, ni njaa. Tangu 1998 mpaka mwaka jana, misimu 14 mfululizo, walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Wewe na Gor Mahia yenu ya mpira wa miguu mnalia kwamba hamjaonja ligi tangu 1995, lakini Gor hucheza mechi 30 kwa mwaka. Hawa hucheza 162, karibu kila siku ya Mungu. Yaani ni kufungwa Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa unakaa tena kando ya redio. Nilimwuliza Mzee kwa nini hakuhamia timu nyingine. Akanitazama kama niliyemwuliza kwa nini hakubadilisha mama.

Mwaka huu kila mtu alisema ni yale yale. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 6 Mei. Nilikuwa nimemshikia mwenzangu zamu ya mchana. Orioles walikuwa Boston, mechi ikaanza saa saba na nusu. Zamu tisa zikaisha wako sawa. Zikafika 12, zikafika 15. Uji ukapoa. Zamu ya 16 Orioles wakaishiwa warushaji kabisa, na kocha wao, Buck Showalter, akamtoa Chris Davis, ambaye kazi yake ni kupiga. Na siku hiyo hata kupiga kulimshinda: mara nane alisimama na gongo, mara nane hakuambulia kitu. Huyo ndiye aliyepewa mpira arushe! Ni kama Gor kumweka straika langoni. Davis akarusha zamu mbili, Boston hawakupata hata pointi moja. Nao Boston wakaishiwa, wakamsimamisha mchezaji wa pembeni arushe, na Adam Jones akaupiga mpira wake ukavuka ukuta wa uwanja, pointi tatu kwa mkupuo. Mechi ikaisha 9 kwa 6 katika zamu ya 17, karibu saa mbili usiku. Mzee alikuwa ananishika kiganja, na mimi sikuwa hata nimegundua.

Tangu hapo ikawa ndiyo tabia yao. Mechi zilizoamuliwa kwa pointi moja tu walishinda 29, wakapoteza 9. Zilizopita zamu tisa walishinda 16 mfululizo. Wataalamu wa redioni wakawa wanasema ni bahati, itaisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, wanaahirisha.

Tarehe 6 Septemba mtoto wa Mzee alitukatia tiketi, mimi nikiwa wa kusukuma kiti cha magurudumu. Uwanja unaitwa Camden Yards, na upande mmoja una ghala la zamani la reli, la matofali mekundu, refu mpaka unashangaa walikuwa wakiweka nini humo. Wimbo wa taifa ukifika penye neno linaloanza na O, watu wote huipayuka hiyo O kwa ajili ya Orioles. Nilishtuka mara ya kwanza, nikaona ni utovu wa adabu. Siku hiyo walikuwa wanazindua sanamu ya Cal Ripken, mchezaji wao wa zamani aliyecheza mechi 2,632 bila kukosa hata moja. Kwa kampuni yetu angekuwa mfanyakazi bora kila mwezi. Wapinzani ni Yankees wa New York, matajiri wenyewe. Tuliongoza 6 kwa 1, wakaturudishia mpaka 6 kwa 6. Nikasema basi, mazoea yamerudi. Kumbe bado. Katika zamu ya nane Jones akauvusha mpira ukuta, Mark Reynolds akauvusha, Davis naye akauvusha. Ikaisha 10 kwa 6. Watu zaidi ya elfu arobaini na sita wakiruka, na mimi nimeshika breki za kiti nikiogopa tutaporomoka.

Msimu ukafungwa wakiwa wameshinda 93 na kupoteza 69. Chukua hesabu ya mwaka jana uilinganishe: walishinda 69, wakapoteza 93. Namba zile zile zimegeuzwa, kama ile K.

Ya mtoano nitayapitia haraka, bado yanauma. Texas tuliwatoa 5 kwa 1. Kisha Yankees, mechi tano. Ya tatu tulikuwa mbele mpaka zamu ya tisa, wakamwingiza Raúl Ibañez, mtu wa miaka 40, akasawazisha kwa pigo moja, halafu akatumaliza katika zamu ya 12. Ya nne tukashinda sisi. Ijumaa ndiyo ilikuwa ya kuamua. Yankees wakiongoza 1 kwa 0, Nate McLouth wetu akaupiga mpira mbali kabisa, ukapita kando ya ule mlingoti wa mpakani. Ukipita upande wa ndani wa mlingoti ni pointi, ukipita upande wa nje ni bure. Mwamuzi akasema nje. Wakaenda kutazama video, wakarudi na neno lile lile. Mimi na Mzee tuliuona ukigusa, na hakuna atakayetuambia vingine. McLouth akaandikiwa K, na tukatolewa 3 kwa 1.

Sasa daftari limefungwa mpaka Aprili, na jioni zimekuwa ndefu. Jana Mzee aliniuliza mwanangu anashabikia timu gani. Nikamweleza habari za Gor, kwamba nao mwaka huu wako juu. Anataka ulete matokeo kila wiki, kwa hiyo usiache kuandika. Pesa za viatu ziko kwa mama mdogo.

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya ukurasa wa Boston. Miraba ya daftari haikutosha zamu 17, tukaunganisha karatasi nyingine kwa plasta ya vidonda. Ule mstari mweusi katikati ndio huo. Tafuta jina la Davis, uhesabu K zake. Ziko tano. Kisha shuka hadi chini kwa warushaji, utamkuta tena, na hapo mwandiko umepinda kidogo. Huo si wangu. Mzee alininyang'anya penseli.

Mama yako