Barua kwa Shoga Yangu, Fundi wa Lindi

Mikindani, Mtwara

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nilikabidhiwa na kondakta wa basi siku ya Ijumaa, ikiwa imekunjiwa kile kipande cha satini ya zambarau mlichokichagua kuwa sare ya harusi ya mdogo wako, nami nimekaa nayo siku nne nikitafuta namna ya kukujibu bila kukuudhi. Umeniuliza kama ni kweli nimeapa kutovaa tena nguo za mapambo, na kama ni kweli, wewe uliye fundi cherehani utakula nini wanawake wote wa kusini wakinifuata. Najua hilo la pili uliliandika huku unacheka, lakini nalo nitalijibu.

Sikuapa. Siku tulipofungua sanduku la marehemu mama ili nguo zake zigawiwe, mimi na mama mdogo tulikaa mkekani tukawa tunatoa doti moja baada ya nyingine, na zilipofika thelathini na mbili tukaacha kusemezana. Nyingi hazikuwa zimekatwa wala kupindwa. Zilikuwa bado na ugumu wa dukani, mikunjo imepauka, na katikati yake zimo karafuu alizozitia kuzuia wadudu. Wewe ulimjua mama: alikuwa akipokezana kanga mbili zilizochuja hata maandishi yake hayasomeki, akisema zile nzuri zinangoja shughuli. Sisi tulikuwa tumemvika vipande vitano vya bafta nyeupe, kama ilivyo sunna kwa mwanamke, visivyo na pindo, mji wala jina. Mama mdogo alizihesabu kwa sauti apate kuzigawa, nami nikawa nahesabu za kwangu moyoni, nikakuta zinazidi za mama, na baadhi yake nilizikopa kwa ahadi ya kulipa msimu wa korosho.

Basi nimebaki na gauni tatu zisizo na nakshi, doti mbili za kanga, baibui na mtandio mmoja mweupe. Madeni ya nguo nimeyamaliza, na kabati la vioo nimeliuza. Jirani yangu anauliza kila asubuhi kama ninajiandaa kwenda kuishi na masista wa Ndanda, nami nimezoea.

Jambo lililonifundisha zaidi ni kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na maua. Katika ile shauku ya mwanzo niliona gauni peke yake hazitoshi, nikanunua kaniki, nikajifunga, nikaenda kumsalimu bibi nikitarajia anisifu. Hakuitikia shikamoo yangu. Aliitazama kaniki kwa muda mrefu, kisha akaniambia niingie chumbani kwake nichukue kanga, niivue hiyo, ndipo tuzungumze. Bibi yake yeye aliletwa pwani akiwa mtoto katika msafara wa watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, na kaniki na merikani ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na mafukara wa pwani hii, na kujifunika kichwa kama waungwana ilikuwa kuwavunjia waungwana heshima. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa Tanganyika, mwaka 1922, yule bibi alikuwa tayari mtu mzima, na fedha ya kwanza aliyoishika kuwa yake mwenyewe aliinunulia doti ya kanga. “Yeye hakuivaa kaniki kwa ibada,” bibi aliniambia, “alivishwa.” Shoga, nilivua. Kaniki ile sasa naivaa shambani, na tangu siku hiyo ulimi wangu umekuwa mzito kuziita kanga za watu ubatili, maana kuna mwanamke aliyezitumia kuonyesha kwamba ana haki ya kujipamba kama binadamu yeyote.

Nilirudi kwenye Qur’ani nikiwa na jambo hilo. Katika Sura ya 7, aya ya 26 inasema vazi la uchamungu ndilo bora, na aya hiyo nilikuwa nimeibeba kama rungu la kuwapigia wenzangu. Nilikuwa sijatulia kwenye aya ya 32, sita tu mbele yake, inayouliza ni nani aliyeliharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake. Kuna pia ile hadithi ya Sahihi Muslim, ya mtu aliyemweleza Mtume (s.a.w.) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa maelezo hayo mwenye kiburi nilikuwa mimi, ndani ya kaniki yangu.

Wala kiburi hicho hakijaisha. Mwezi uliopita ustadhi alinitolea mfano katika darasa la wanawake, na utamu nilioupata haukupungua hata chembe kuliko ule wa kuingia ukumbini na vazi jipya. Kesho yake niliazima kwa jirani kitenge chake chenye maua mekundu makubwa kama sinia, nikaenda nacho sokoni kununua samaki. Alidhani nimepona.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa kwa shangazi. Korosho zilipouzwa, binti wa kaka alichezwa unyago, na sare ilipopitishwa niliikataa, tena kwa hotuba, mbele ya makungwi, kana kwamba nimeombwa maoni. Shangazi aliniuliza swali moja tu: watu wakiutazama ukoo wetu siku hiyo, mimi watanihesabu upande gani? Nilichangia mchele na nikapika tangu alfajiri, lakini swali lile sikulijibu, na mpaka leo salamu yake kwangu ni fupi.

Ndiyo maana kwa harusi ya mdogo wako nimefikiri vingine. Mchango wa sare nimeutuma wote pamoja na barua hii. Naomba umshonee yule binti anayekushonea vifungo dukani, uliyeniambia hataweza kuchangia, akae miongoni mwenu amevaa kama ninyi. Mimi nitakuja siku mbili kabla, nitakuwa jikoni, na ukinikuta ukumbini na gauni langu la kijivu usiwaeleze watu sababu. Gauni hilo utalishona wewe, kwa malipo yako kamili usiyonipunguzia kwa udugu: mikono mirefu, mifuko miwili inayoingiza mkono mzima, bila lesi wala shanga. Vipimo vyangu unavyo, ila kiuno kiongeze inchi mbili.

Msalimie mama yako, umwambie shikamoo.

Shoga yako wa Mikindani