Risala ya Watafiti wa Uzamili na Uzamifu, Lamu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu, walimu kutoka kitivo cha uhandisi, mabibi na mabwana, Assalaam alaykum.

Karibu Mkunguni. Tunajua shughuli zako ni nyingi na bahari leo imechafuka. Kufika kwako tu ni heshima.

Historia yetu haitakuchosha. Tulianza wanafunzi wachache wa uhandisi wa maji na wa ujenzi, wazaliwa wa hapa. Baadaye wakajiunga wa jiolojia, wa afya ya umma, na mmoja wa sosholojia ambaye mwanzoni hatukujua tumpe kazi gani. Leo ndiye anayefunguliwa milango na kina mama; mhandisi na mita yake huishia dakani, hapo nje ya mlango.

Mafanikio ni makubwa. Ramani yetu ya visima imetambuliwa na chuo kikuu, yaani imebandikwa nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Fulana pia tunazo, kama unavyoona.

Sasa ombi. Wageni huja kuutazama mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Maji yake hayana mtazamaji. Yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na maji hayo matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Uso wa maji matamu ukishuka mita 1, maji ya chumvi yaliyo chini yake huweza kupanda kama mita 40. Chumvi twaipima wenyewe kwa kifaa cha mkononi. Vijidudu ndivyo vinavyotushinda: sampuli yatakiwa ikae baridi na ianze kupimwa ndani ya saa 24, na maabara inayotupokea iko Mombasa. Basi twaazima kasha la barafu kwa muuza samaki, twavuka nalo hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, twambembeleza utingo asilisukume karibu na injini. Likifika, barafu imeyeyuka na chupa zanuka changu. Mwenzetu wa uzamifu amekwama hapo. Msimamizi wake amezikataa data hizo, na ana haki.

Jengo hatuombi, maana jengo tulikwisha ahidiwa. Mgeni rasmi mmoja aliweka jiwe la msingi; jiwe lipo, msingi ndio haupo, na punda wamelizoea. Aliyemfuata alisema vifaa vitafika kabla ya Maulidi. Hakutaja Maulidi ya mwaka gani, nasi kwa adabu hatukumuuliza.

Wewe, Mheshimiwa, hatukufananishi nao. Chumba tumepata karibu na gati, barua ya mwenyewe imeambatishwa. Tunaomba friji, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, na sola ya kuviendesha umeme ukikatika. Bei zimo ndani ya bahasha, maana mara ya mwisho tuliambiwa kilichokosekana ni makadirio.

Katibu amefungua kitabu cha kumbukumbu. Akikuuliza tarehe, tafadhali usimwone hana adabu, tumemtuma sisi.

Ni sisi wako watiifu.