Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Muheza.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: CHAKULA CHA WATOTO WAKATI WA LIKIZO NA MAANDALIZI YA MALEBA YA SIKU YA WAZAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula wa kwanza unafungwa Ijumaa hii, na watoto watakaa nyumbani mwezi wote wa Juni. Ripoti za maendeleo wamekabidhiwa kwenye bahasha, na mwenye swali kuhusu alama za mwanawe amwone mwalimu wa darasa kabla shule haijafungwa. Barua hii inahusu mambo mawili yaliyoulizwa sana kwenye kikao cha wazazi, ambayo muda haukutosha kuyajibu: namna ya kumlisha mtoto chakula cha mchana kwa fedha kidogo wakati jiko la shule limezimwa, na namna ya kumpatia vazi la maigizo bila kuingia dukani. Nimeyaweka pamoja kwa sababu fedha za yote mawili zinatoka mfuko mmoja, na kwa sababu, kama mtakavyoona, maleba mengi yanaweza kutengenezwa kwa vitu vya jikoni.

Tangu mpango wa elimu bila malipo uanze Januari 2016, chakula cha mchana shuleni kimeendelea kutegemea mahindi na maharage mnayochanga wenyewe. Wengi mmeuliza mpishi wetu anafanyaje hata maharage yakaiva mapema bila kumaliza kuni, ilhali nyumbani sufuria moja inameza mkaa wa kutwa. Nimemwuliza, naye hana siri yoyote. Huyachagua maharage jioni, akayaloweka katika maji mengi, kiasi cha mara tatu ya maharage yenyewe, yakalala humo hadi alfajiri. Asubuhi humwaga maji yale, akasuuza, kisha akabandika kwa maji mapya. Maharage yaliyolala majini huiva kwa karibu nusu ya muda wa yale yaliyobandikwa makavu, na wala hayasumbui tumbo kama hayo mengine.

Nyumbani mnaweza kuokoa mkaa zaidi ya hapo. Chukueni kapu kubwa la ukindu, mlijaze matambara au blanketi kuukuu chini na pande zote, pabaki shimo la kuenea sufuria. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu kwa dakika 20, sufuria ikiwa imejaa hadi karibu na ukingo. Kisha iepuliwe bila kufunuliwa, iingizwe kapuni na kufunikwa juu kwa mto wa matambara. Joto lililomo litaendelea kuivisha kwa saa 4 au 5, na mkaa uliobaki jikoni utachemsha maji ya chai. Maharage yakitoka kapuni yarudishwe motoni yachemke tena kabla ya kuungwa. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi, kwa hiyo njia hii inafaa familia kubwa kuliko ya watu wawili. Ninaomba pia mtu yeyote asipunguze zile dakika za mwanzo, kwa maana maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali na si na joto la uvuguvugu.

Mzazi mmoja alipendekeza magadi. Ni kweli magadi hulainisha maharage haraka, lakini huharibu vitamini B1, na kwa mtoto ambaye chakula chake kikuu ni maharage na ugali hasara hiyo si ndogo. Jikoni kwetu hayatumiki, na ningefurahi yasitumike kwenu.

Kuhusu unga, msimamo wangu mnaujua: dona. Kiini na pumba vinabaki ndani, nguvu inabaki ndani, na mtoto hakai saa mbili akadai tena. Kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta, dona huvunda mapema kuliko sembe. Sageni kidogo kidogo badala ya kujaza ndoo ya miezi mitatu. Wanaopenda bada la muhogo waendelee nalo, mradi pembeni pawe na dagaa au maharage, kwa sababu muhogo hushibisha lakini haujengi mwili.

Dagaa waliwe wazima, pamoja na mifupa, kwani humo ndimo kalisi ilimo. Mtoto anayewakataa hana haja ya kupigwa. Wachambuliwe, waoshwe kwa maji ya vuguvugu hadi mchanga uishe, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke, watwangwe, na kijiko kimoja cha unga huo kitiwe kwenye mboga yake bila matangazo. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa hadi kiive kabisa kabla ya kutia nazi, kwa kuwa majani mabichi ya muhogo yana sumu. Nyama, siku inapopatikana, si lazima iwe kilo: robo ikikatwa vipande vidogo na kupikwa pamoja na ndizi mbichi hutosha kila sahani kupata ladha yake. Na kwa kuwa huu ndio msimu ambapo machungwa ya hapa kwetu yanauzwa kwa bei ya kutupa, sioni sababu ya mzazi wa Muheza kumnunulia mtoto soda. Chungwa moja baada ya mlo wa maharage au mchicha husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula hicho.

Katika maswali yote, linalonitia wasiwasi ni la viporo. Wali uliopikwa jioni ukaachwa sufuriani jikoni hadi asubuhi, katika joto letu la pwani, unaweza kuzalisha vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto hadi uunguze ulimi. Kwa nyumba isiyo na friji, njia rahisi ni kupima mchele kabla ya kupika: kikombe kidogo cha chai kwa mtu mzima, na nusu au zaidi kidogo kwa mtoto. Ukoko mtoto atakaokwangua usiku ule ule haujawahi kumdhuru mtu.

Sasa nije kwenye maleba. Siku ya Wazazi itafanyika Ijumaa iliyo kabla ya sikukuu ya Nane Nane, na kwa kuwa hiyo ni sikukuu ya wakulima, darasa la kwanza na la pili watavaa mavazi ya mazao ya wilaya yetu: chungwa, nazi, muhogo, mhindi na mkonge. Darasa la tatu na la nne wataigiza hadithi za wanyama, yaani sungura, fisi, kobe na simba. Darasa la tano na la sita wana igizo la soko la pwani katika karne ya 19. Darasa la saba watakuwa watazamaji. Mtihani wao ni Septemba na sitaki kusikia habari ya mazoezi ya ngoma.

Mwaka jana wapo watoto ambao hawakufika shuleni siku hiyo kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha za kukodi vazi, na wapo waliofika na mavazi ya kukodi yaliyogharimu zaidi ya sare zao. Kamati ya shule imekaa na kuamua kwamba safari hii vazi lililonunuliwa au kukodiwa halitapewa alama yoyote. Majaji watatazama kazi ya mikono, na watamwuliza mtoto mwenyewe amelitengenezaje.

Chungwa ndilo rahisi kuliko yote. Katoni la dukani, mnaloweza kuomba bure kwa muuza duka, likatwe duara mbili za kufika kutoka mabegani hadi magotini, zitobolewe juu na kuunganishwa kwa kamba mbili zinazopita mabegani, moja ikae kifuani na nyingine mgongoni. Rangi ni uji mzito wa unga wa muhogo uliochanganywa na binzari manjano na udongo mwekundu kidogo uliochekechwa. Uji ule ule bila rangi ndio gundi ya kubandikia majani juu. Tafadhali msiongeze pilipili ya unga, hata kama rangi yake inavutia. Mtoto atajigusa macho.

Manyoya ya simba tunayo mlangoni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida, ikafika hai miche 62 tu, na kutokana nayo mkoa huu ukajaa mashamba. Leo mtoto wa Tanga hana udhuru wa kukosa nyuzi za katani. Nyuzi zichemshwe na majani ya chai yaliyokwisha kutumika hadi zipate rangi ya kahawia, zianikwe, kisha zishonwe mafungu mafungu kuzunguka ukingo wa kofia kuukuu. Katani huwasha shingo, kwa hiyo mtoto avae fulana yenye kola ndani. Kinyago cha fisi au kobe hufinyangwa juu ya bakuli lililopakwa mafuta: vipande vya gazeti vilivyolowa uji wa ngano vibandikwe tabaka 5, kila tabaka ikikauka kabla ya inayofuata, kisha bakuli litolewe na matundu yakatwe. Matundu ya macho yawe makubwa kiasi cha mtoto kuona miguu yake mwenyewe, na sehemu ya pua na mdomo ibaki wazi.

Kwa soko la karne ya 19, nguo za wakati ule zilikuwa rahisi kuliko za leo. Watu wengi walivaa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, ile nyeusi. Shuka kuukuu lililofubaa linatosha kabisa kuwa merikani. Wasichana watavaa kanga, zifungwe na kubanwa kwa pini bila kukatwa, ili zirudi sandukuni kwa mama zikiwa nzima. Ninaomba kila mama asome jina la kanga kabla ya kumfunga mwanawe, kwa sababu uwanjani kutakuwa na majirani, mawifi na wake wenza, na igizo letu halihitaji ugomvi wa pili. Njuga za miguuni zitengenezwe kwa vizibo vya soda vilivyopondwa bapa, vikatobolewa kwa msumari na kutungwa 2 kwa 2 kwenye utepe wa kitambaa. Kazi ya kutoboa ifanywe na mtu mzima.

Mikuki na majambia yawe ya katoni. Rangi za dawa ya kupuliza na rangi za magari hazitaruhusiwa kwenye ngozi. Mifuko ya plastiki isitumike, nayo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ya salfeti inaruhusiwa, na ikichanwa vizuri inatoa sketi ya ngoma inayochezeka.

Kila Jumamosi asubuhi kuanzia wiki ya pili ya Julai, darasa la tatu litakuwa wazi kwa ajili ya kushona na kubandika. Shule itatoa mikasi, sindano na uji. Wazazi mafundi cherehani wanaombwa kutuletea mabaki ya vitambaa, hata yakiwa vipande vya kiganja. Mzazi anayeona kwamba hata kwa njia hizi vazi litamshinda, aje ofisini kwangu kabla ya katikati ya Julai. Mazungumzo yatabaki baina yetu, na mtoto atapatiwa vazi kutoka sanduku la shule.

Shule itafunguliwa wiki ya kwanza ya Julai, na tarehe kamili imeandikwa kwenye ripoti. Mchango wa mahindi na maharage wa muhula wa pili upokelewe stoo siku ya kufungua, maharage yakiwa yamekwisha kuchaguliwa mawe.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu